Kitambaa cha Mama Amran

Mitungi ya maziwa haiandikwi majina. Gari linapoingia Isiolo kutoka upande wa Kinna, limejaa vumbi mpaka kwenye vioo, mitungi huwa imefungwa kwa kamba juu yake, yote ya plastiki ya manjano, yote imekwaruzika, yote inafanana kama mapacha. Asiyejua atauliza: sasa mwenyewe atautambuaje wake? Atautambua kwa kitambaa. Kila mwanamke anayeuza maziwa ya ngamia Isiolo amefunga kitambaa chake kwenye mkono wa mtungi, na kitambaa hicho kinajulikana kuliko uso wake. Cha Habibo ni cha bluu, kimechanwa kwenye pazia. Cha Tari ni cha kijani kinachong'aa. Cha Ado, ambaye watu humwita Mama Amran, ni cha rangi ya machungwa chenye madoa meusi.

Kitambaa cha Ado kilitoka kwenye leso. Leso hiyo aliinunua alipokuwa na mimba ya Amran, na ndiyo iliyobeba watoto wake wote wanne mgongoni, mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa mwisho alipokataa kubebwa na kutaka kutembea mwenyewe, Ado hakuitupa. Aliiweka chini ya godoro, na kila kitambaa cha mtungi kilipochakaa kwa jua na moshi, alichana kingine humo humo. Mpaka siku ambazo hadithi hii inazungumzia, leso ilikuwa imebaki pindo na kipande kidogo tu.

Kuna jambo jingine kuhusu vitambaa. Kiangazi kikikaza na maziwa yakawa haba, wanawake wawili huchangia mtungi mmoja, na mtungi huo hufungwa vitambaa viwili. Maziwa yakiharibika njiani, hasara ni ya wote wawili. Yakikutwa na maji, aibu ni ya wote wawili. Kwa hiyo kitambaa hakifungwi ovyo. Mtu hukuuliza kwanza, "Utanifungia?" Na wewe hufikiri kabla ya kujibu.

Ado alizaliwa karibu na Kinna, nyumbani kwa watu wa ngamia. Mguu wake wa kushoto ulipigwa teke na ngamia alipokuwa msichana, na tangu hapo anauburuta kidogo, hasa asubuhi. Aliolewa na Arero, mpakiaji wa malori, wakapanga chumba kwenye ploti moja ya mtaa wa Bulla Pesa, vyumba vinane vinavyotazamana na bomba moja katikati. Arero alipofariki, shemeji zake walimwambia arudi Kinna na watoto, wampe chumba kwao. Ado aliwasikiliza, akawapa chai, akawashukuru. Kesho yake alikwenda kusimama pale gari la maziwa linaposhushia, na hakuondoka tena. Guyo, mtoto wa kaka yake anayechunga ngamia huko Kinna, ndiye aliyemtumia mtungi wa kwanza. Mpaka leo ni yeye anayemtumia.

Kazi yake ina taratibu zake. Mtungi mtupu huoshwa, ukaanikwa, kisha ukafukizwa kwa moshi wa vijiti vya ejersa, mzeituni wa porini, mpaka ndani kunukie. Maziwa yakifika, Ado hunusa kifuniko kabla ya kukifungua chote. Akikifungua husema "Bismillahi", akapangusa mdomo wa mtungi kwa kidole gumba. Halafu huchovya njiti ya kiberiti kwenye maziwa na kuiwasha. Ikiwaka, wanawake wa maziwa husema hayana maji. Ikikataa, maziwa hayo yanarudi yalikotoka na maneno juu. Baada ya hapo huketi kwenye kreti lililopinduliwa, akanyoosha mguu wake, akaanza kuita wateja wasinunue kwa kutazama tu: "Njoo uonje! Usininunulie macho!"

Mambo haya yote yaliandikwa mahali pamoja tu, kichwani mwa mwanamke kijana aitwaye Judy.

Judy ni Mturkana wa upande wa Burat, mke wa Lowoi anayefanya vibarua vya mjengo. Hufulia watu nguo, na ana mtoto mchanga, Emuria, anayelala mgongoni siku nzima na kuamka tu wakati mama yake anapoketi. Jioni, akishamaliza kufua, huenda kwenye kikundi cha maigizo cha vijana wa Bulla Pesa. Kiongozi wa kikundi ni Bedan, fundi wa simu, kijana wa Kimeru mwenye maneno mengi na moyo mzuri. Walikuwa wanatengeneza mchezo wa kuchekesha kuhusu watu wa sokoni: dalali wa mbuzi, mtu wa boda, chifu mpenda chai, na mama wa maziwa. Bedan aliwaambia waigizaji wake, "Sitaki mtu ajitungie mtu kichwani. Kila mmoja aende nje amtafute mtu wake. Mkae naye, mmjue anavyokula, anavyokasirika. Halafu mniletee hapa."

Aliyepewa dalali alikwenda soko la mbuzi. Judy alikuja kwa wanawake wa maziwa, akasimama mbali kidogo, mtoto mgongoni.

"Habari, mama."

"Salama. Unataka ya ngapi?"

"Sitaki maziwa. Nataka... nataka kukaa."

Habibo, mwenyekiti wa wanawake hao, mwanamke mnene mwenye ulimi wa upanga, aliangua kicheko. "Kukaa? Hapa si hospitali, binti. Anayekaa ananunua."

Judy akaeleza mambo ya mchezo, akikanyagana na maneno yake mwenyewe. Wengine walicheka, wengine wakageuza migongo. Ado alimtazama yule mtoto mgongoni. Kichwa chake kilikuwa kimelala upande, jua linampiga shavuni.

"Vuta kichwa ya mtoto kivulini kwanza," alisema. "Halafu uje uoshe mitungi. Ukiosha, kaa."

Basi Judy akaosha mitungi, na akakaa. Alikuja tena, na tena. Alijifunza kufukiza bila kuunguza plastiki. Alijifunza kunusa kifuniko. Aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza Ado: ulisikiaje siku ya kwanza kusimama hapa? Uliogopa nani? Ulikuwa unamwacha mtoto na nani? Ado alijibu akiwa anamimina, bila kumtazama, na mara nyingine alijikuta anajibu hata swali ambalo halikuulizwa. Emuria akiamka, Ado alimchukua na kumlambisha povu la maziwa kwa kidole. Mtoto akazoea. Akiona ile rangi ya machungwa anapiga miguu.

Siku moja Judy aliuliza habari za kitambaa. Ado akamweleza leso, na watoto wanne, na pindo lililobaki. Judy alikigusa kitambaa kwa kidole.

"Mama Amran, unaweza nipatia kakipande kadogo? Nifunge kwa mtungi wangu wa mchezo. Nikiishika nitakuwa nakukumbuka."

Ado alicheka, akachana, akampa kwa mkono wake mwenyewe. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote, kwamba alitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Mchezo ulionyeshwa Jumamosi, kwenye ukumbi wa mjini, na wanawake wa maziwa walikuwa wamekaa mstari mmoja. Judy alipotokea kwenye jukwaa wakapiga makofi kabla hajasema kitu. Alikuwa anauburuta mguu wa kushoto. Alinusa kifuniko. Akapangusa mdomo wa mtungi kwa gumba, akaketi kwenye kreti, akaita, "Njoo uonje! Usininunulie macho!" Ukumbi ukalipuka. Kwenye mkono wa mtungi kitambaa cha machungwa chenye madoa meusi kilikuwa kinaning'inia, na Ado alihisi uso wake umepata joto, kama mtu aliyeitwa jina lake mbele ya watu kwa heshima.

Halafu mama wa maziwa wa jukwaani akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuta ndoo kutoka chini ya meza, akamimina maji kwenye mtungi.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Mgema akisifiwa!" na nusu ya ukumbi wakamalizia, "Tembo hulitia maji!" Mama wa jukwaani aliitwa Mama Shukri. Lakini nani alisikia hilo jina? Watu waliona kitambaa. Mmoja mmoja, vichwa vilianza kugeuka na kumtazama Ado. Yeye alibaki ameketi, mikono mapajani, mpaka mwisho, kwa sababu kutoka kabla ya watu kungekuwa ni kujibu.

Jumatatu, kabla wateja hawajafika, Habibo alikuja na kiberiti. Lazima ieleweke kwamba kila mwanamke huyapima maziwa yake mwenyewe. Kumpimia mwenzako mbele yake ni sawa na kuingia jikoni kwake na kufunua sufuria.

"Usinielewe vibaya, Mama Amran," alisema Habibo. "Watu wanaongea. Mimi ni mwenyekiti."

"Pima."

Habibo akachovya njiti, akaiwasha. Ikawaka vizuri, moto wake ukasimama. "Unaona?" alisema Habibo, na hakuweza kumtazama. Njiti iliwaka, lakini wenzake walikuwa wamesimama kutazama kama itawaka.

Wateja hawakukimbia wote. Walianza tu kuuliza, wakitabasamu, "Leo ni maziwa ama ni chai?" Watoto wa ploti waliigiza kwa ndoo pale bombani. Halafu Guyo akapiga simu.

"Shangazi, mimi nakujua. Lakini hapa wazee wanasema maziwa yao inapewa jina mbaya huko mjini. Wamesema ikae kwa mtu mwingine kidogo, mpaka maneno iishe."

"Kwa nani?"

"Kwa Tari."

Tari alikuwa mdogo kuliko wote pale, hana hata mwaka sokoni, ana mume mgonjwa nyumbani. Gari lililofuata lilikuja na mitungi ya Guyo imefungwa kitambaa cha kijani. Tari aliishusha bila kuinua macho. Ado alibaki na mtungi mmoja wa jirani wa Guyo, nusu yake povu, na alijua hesabu ya mambo hayo bila kuambiwa. Neno la namna hii likikaa, halitoki. Lisemwalo lipo, watu husema. Akipoteza maziwa ya Guyo hana kingine cha kusimamia pale, na shemeji wa Kinna bado wapo, na chumba chao bado kipo.

Judy alikuja siku hiyo hiyo, macho yamevimba. Alipiga magoti mbele ya kreti, na Emuria mgongoni akaona kitambaa akaanza kupiga miguu.

"Mama, sikujua. Ile ya maji Bedan ameongeza juzi tu. Alisema mchezo unataka kitu ya kuchekesha. Mimi nilikuwa nafikiria kufanya vizuri, sikufikiria watu wataona nini."

"Inuka. Mtoto ataanguka."

"Jumamosi tunaonyesha tena. Nitatoa kitambaa. Nitaacha hata mguu."

"Ukitoa, watasema nilikuja kulia kwenu."

Bedan mwenyewe akaja nyuma yake, kofia mkononi. Alisema anaweza kutangaza mwanzoni kwamba mama huyo wa mchezo hafanani na mtu yeyote aliye hai.

"Wewe kijana," Habibo alidakia kutoka kwenye mitungi yake, "ukiniambia nisiangalie kidonda, nitaangalia nini?"

Hata Ado alicheka, ingawa kicheko chenyewe hakikufika mbali. Habibo akasogea na kuketi karibu naye, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya kiberiti. "Badilisha kitambaa, dada yangu. Chukua rangi nyingine. Watu wanasahau."

"Hii imebeba watoto wangu," alisema Ado. "Nikibadilisha, nimekubali."

Gari lilikuwa bado linashushwa. Ado alikuwa anaitazama ile mitungi, kwa kuwa macho yake yamezoea kuitazama, na akaona mmoja uliofungwa vitambaa viwili, cheupe na chekundu. Kiangazi kilikuwa kimeanza. Akautazama muda mrefu. Alikumbuka kiangazi kile kibaya, yeye na Habibo walipochangia mtungi, bluu na machungwa, na maziwa yakaharibikia njiani, na Habibo hakusema hata neno moja, alitoa tu nusu yake.

"Judy. Huo mtungi wenu wa mchezo uko wapi?"

"Uko kwa ukumbi."

"Usitoe kitambaa changu. Ulete hapa." Kisha akamgeukia Habibo. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini wanawake wote waliisikia, maana wote walikuwa wanasikiliza. "Mama Mwenyekiti. Utanifungia?"

Habibo alielewa mara moja, na uso wake ulionyesha kwamba ameelewa. Mtungi ule ungemiminiwa maji mbele ya mji mzima. Anayeufungia anasema: kama huyu ni mwizi, na mimi ni mwizi. Habibo alifikiri. Alikuwa na haki ya kufikiri. Alikuna shingo, akatazama kiberiti chake kilicholala juu ya kifuniko.

"Mimi nilikupima," alisema.

"Ulinipima."

"Na iliwaka." Akainama kwenye mtungi wake, akachana kitambaa cha bluu katikati, kwa meno. "Shika, binti. Funga vizuri, isianguke. Na ukinimiminia maji mengi nitapanda huko juu nikuchape."

Baada ya Habibo, wengine walikuja. Wengine mara moja, wengine baada ya kuzunguka zunguka, mmoja akilalamika kwamba chake ni kipya. Mwisho akabaki Tari peke yake. Judy alimfuata na mtungi mkononi.

"Mimi siwezi," alisema Tari. "Mume wangu ni mgonjwa. Wazee wa Kinna wakisikia..." Hakumaliza.

"Ona huyu!" akasema Habibo. "Maziwa ya mwenzako unabeba, kitambaa unaficha!"

"Mwacheni," alisema Ado. "Mtu anaulizwa. Halazimishwi."

Jumamosi ukumbi ulijaa kuliko mara ya kwanza, maana habari njema hutembea lakini umbea una pikipiki. Judy alitokea akiuburuta mguu, akaweka mtungi mezani, na vitambaa vikamwagika kila upande kama nywele, cha bluu, cheupe, chekundu, vya maua, vya mistari, na katikati kile cha machungwa chenye madoa. Watu walinyoosha shingo. Halafu mwanamke mmoja akapiga yowe, "Wallahi, Habibo, huyo ni wewe!"

"Mimi?" Habibo aliinuka na mwili wake wote. "Mimi nina kiuno kama hicho? Huyo ni dada yako!"

Basi ikawa vurugu ya kicheko. Kila mtu anamsonta mwenzake. Ndoo ilipotoka chini ya meza, wanawake wa maziwa ndio waliopiga kelele zaidi: "Ongeza! Bado kidogo! Hiyo ni ya wageni!" Bedan alisimama pembeni ya jukwaa amefungua mdomo, kwa sababu mchezo wake ulikuwa umemtoka mikononi na ukawa mzuri zaidi. Hakuna aliyemtazama Ado peke yake tena.

Lakini mji una macho. Yule yule mzee wa nyuma, aliyeanzisha ile ya mgema, alikuwa anahesabu rangi. "Haya," akasema kwa sauti, "na kijani iko wapi? Ile ya Tari? Kumbe tumempata mwenye maji!"

Kicheko kikageuka upande. Tari alikuwa amekaa mwisho wa mstari. Alishusha shela mpaka kwenye nyusi. Ado aliyaona mabega yake, na aliyajua mabega hayo, kwa kuwa yalikuwa yake Jumamosi iliyopita. Mitungi ya Guyo ilikuwa kwa Tari. Ado angenyamaza tu, kusingekuwa na dhambi. Asingekuwa amesema neno.

Akasimama. Mguu ulikuwa umekufa ganzi, akashika bega la Habibo.

"Kijani alinipa mimi nilete," alisema. "Nimesahau nyumbani. Mzee wangu, kama unataka mwenye makosa, ni mimi na kichwa yangu ya uzee."

"Basi keti, mama, tuone mchezo!" mtu akasema, na watu wakarudi kwa Judy, ambaye alikuwa amesimama na ndoo hewani, akingoja.

Habibo alimvuta Ado chini. "Muongo wee," alimnong'oneza, na akamfinya mkono.

Jumatatu gari lilichelewa. Lilipofika, Tari alikuwa wa kwanza kulifikia. Alipanda mwenyewe, akaifungua mitungi ya Guyo kamba, akaishusha chini, akaiweka mbele ya kreti la Ado. Kisha alipiga magoti na kuanza kufungua kitambaa cha kijani. Fundo lilikuwa limekaza kwa safari, akatumia meno.

"Nimempigia Guyo," alisema, akiwa bado ameinama. "Nimemwambia wewe ndio mwenyewe. Atawaambia wazee."

"Na mume wako anaendeleaje?"

"Amekula jana."

Ado aliingiza mkono kifuani, akatoa kile kipande kidogo cha leso alichokuwa amekuja nacho bila kujua kwa nini, akachana. Mtungi mmoja akaufunga cha machungwa. Kwenye wa pili alipitisha kitambaa chake, akaacha fundo wazi.

"Huu unifungie," alisema. "Kiangazi kimeanza. Peke yangu sitaumaliza."

Tari alifikiri, kama inavyotakiwa. Halafu akafunga kijani juu ya machungwa, mafundo mawili.

Judy alikuwa anakuja kutoka upande wa barabara, ndoo ya nguo za watu kichwani, na Emuria mgongoni ameshaanza kupiga miguu. Ado alinusa kifuniko, akasema "Bismillahi", akapangusa mdomo wa mtungi kwa gumba.

"Njoo uonje!" aliita. "Usininunulie macho!"